Mngurumo wa Pikapu ya Baba

Jumamosi, Mtinko

Bolti ya mwisho ndiyo iliyonitesa. Niliimwagia mafuta ya alizeti, kama marehemu baba alivyozoea, ikaachia. Manifoldi ya zamani, lile bomba la kutolea moshi kwenye injini, ina ufa mrefu. Moshi ulikuwa unavujia hapo, gari linanguruma kama trekta.

Nimefunga nyingine mwenyewe, nikaijaribu pikapu hadi mnadani. Kimya! Nikarudi najisifu.

Nimemkuta mama jikoni, maji ya ugali hajabandika.

"Mbona sijakusikia?"

Miaka yote akisikia ule mngurumo kule kilimani, anabandika sufuria. Enzi za baba, akimaliza tu kunawa mikono, ugali uko tayari.

Nikamwambia gari limepona.

"Sawa, mwanangu. Ila baba yako hakuwahi kuja kimya kimya."

Ile manifoldi mbovu nilishaitupa kwenye shimo la taka. Nimeenda kuiokota.