Nyumba Niliyokuchagulieni Mwezi wa Ramadhani

Mgogoni, Pemba
Mfungo Mosi, tarehe 14

Kwa mwanangu Abrahman bin Mmanga, Unguja.

Asalam alaikum. Nakuuliza hali yako, na ya mkeo Mwanawema, na ya wajukuu zangu, Raya na Mmanga mdogo na huyo mchanga ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Kikohozi cha Mmanga kimekwisha? Uliniandikia kuwa mnampa dawa ya chupa. Mchueni kifua na mafuta ya nazi yaliyopikwa na kitunguu thomu, msinifanyie usomi. Mie mzima, ila magoti yameniasi. Kuinama nainama, lakini kuinuka mpaka nishike ukuta. Alhamdulillahi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, basi usinicheke ukiona mistari inapanda na kushuka. Siku zote huniandikia Mwalim wa msikitini, lakini haya ya leo sikutaka yapite kwenye masikio ya mtu mwingine. Posta pia sikuitia. Nimempa mtu anayepanda meli akutie mkononi.

Mwezi wa Shaabani uliniarifu kuwa serikali inakuhamishia posta ya Chake Chake, na kwamba utakuja na jamaa zako wote baada ya Idi, ukanitaka nikutafutie nyumba. Uliandika, mama, nitazamie mtaa mwema, nina watoto wadogo, nawe hudanganywi na mtu. Sikufichi, maneno hayo yalinipendeza. Kila aliyekuja kunitazama nilimsomea. Nikafunga kanga zangu, nikapanda gari ya abiria pale Konde na funga yangu tumboni, nikashukia Chake Chake kwa Kazija, binti wa dada yangu. Nikamwambia nimekuja kuchagua mtaa, na atakayenionesha mabati na madirisha nitamfukuza. Mie hutazama miguu ya watoto. Wakiwa na madonda miundini, maji ya mtaa huo mabaya. Wakikimbia wakikuona, hao hupigwa ovyo. Wakija kukuamkia bila ya kusukumwa mgongoni, hapo pana mama zao. Unacheka? Cheka. Wewe mwenyewe ulikulia hivyo na miguu yako haina alama.

Kwanza nilioneshwa vyumba viwili nyuma ya maduka ya sokoni. Dalali alivisifu mpaka mate yakamkauka, naye amefunga, au alisema amefunga. Nikamwuliza kisima kiko wapi, akanionesha. Nikamwuliza choo kiko wapi, akaanza kunieleza uzuri wa mlango wa mbele. Nikapima mwenyewe toka kisimani mpaka chooni: hatua saba. Nikamwambia nyumba hii ampe mkwewe.

Siku ya pili Kazija alinipeleka mtaa unaoitwa Shelisheli, juu kidogo, kwenye upepo. Nyumba ya mawe na udongo, ua wa makuti mapya, kisima kina maji matamu, na chuo cha Kurani kiko karibu hata ukiwa jikoni unawasikia watoto wanavyosoma. Jirani wa mlango wa pili anaitwa Bi Masika, mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi. Nilipomweleza habari zangu za miguu na madonda alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza, bibi, kwani unatafuta nyumba au unatafuta mposi? Nikamwambia mposi ningemtazama meno. Alinitandikia mkeka niswali Adhuhuri, akanichotea maji ya kutawadha, tena akanambia bila ya kuulizwa kuwa paa linavuja upande wa jikoni na mwenye nyumba mvivu wa kuezeka. Akanambia na jingine: kwamba nimekuja kutazama mitaa mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani kila mtaa mwema, kwa hivyo nirudi baada ya Idi niione ilivyo. Nikamjibu kuwa mie nimezaliwa kabla yake, sifundishwi kutazama. Nyumba ile nikaiacha. Sababu ni paa. Shika hivyo kwanza.

Siku ya tatu nikafika Minazi Pacha. Mwanangu, mtaa ule ungeuona mwezi ule ungesema ndipo. Ilikuwa baada ya Alasiri. Kimya. Wazee wamekaa barazani na misahafu yao, vijana wamevaa kanzu safi, hakuna anayepaza sauti. Watoto walikuja wenyewe, mmoja baada ya mmoja, shikamoo bibi, shikamoo bibi, na miguu yao safi kama wametoka kuoshwa. Nyumba ina vyumba vitatu, na paa halina tundu hata moja. Mwenyewe Mzee Mjaka, mtu wa heshima, aliniuliza jina la marehemu baba'ako, akasema aa, huyo mwenzetu, na hapa wote ni wenzetu. Nikampa kauli yangu pale pale. Akanipa ufunguo. Nikarudi kwa Kazija najisifu njia nzima, ndipo nikakutumia ile barua fupi kuwa nyumba imepatikana, njooni.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Baada ya Idi, tarehe tisa ya mwezi huu, nilikwenda tena kufagia na kupiga udongo ukuta wa jikoni, nikitaka mkute pamenyooka. Sikufika hata mlangoni, nikasikia ngoma. Baraza ya mbele ya nyumba yenu, ile ya wazee wenye misahafu, imekuwa tawi la chama. Mabenchi, bendera, na watu wanahutubiana tangu Alasiri mpaka Isha, maana wanasema kura za mwezi wa kwanza hazikupata mshindi na zitapigwa tena. Nikasema haya, nitastahamili, chama ni chetu, mie mwenyewe nilikipigia, wewe unajua. Nikafungua nyumba nikaanza kufagia.

Ndipo watoto wakapita wanaimba. Wale wale wa shikamoo bibi. Wimbo wa kuwatukana watu wenye asili ya bara, pua zao, nywele zao, na wapakiwe warudishwe kwao. Maneno mengine siyaandiki kwa herufi hizi za Kurani. Mmoja ni mtoto wa kike wa umri wa Raya wetu, meno ya mbele yamemtoka, anaimba kwa furaha, hajui anachokisema, na mama yake anampigia makofi mlangoni. Na miguu yao safi, Abrahman. Hapana hata donda moja. Usidhani huko kwa watu wa chama kile kingine hawaimbi, nao wana zao za kututukana sisi. Lakini mie nilisimama na ufagio nikamfikiria Raya, sura ile ya mama yake mwenye asili ya bara, atakapousikia wimbo ule mara ya kwanza. Kisha nikafikiria jambo baya zaidi: kwamba atataka kuucheza na wenzake, atauimba nyumbani, na mama yake yuko jikoni anamsikia.

Sasa nakwambia lile nililokuwa nikilizunguka tangu juu. Shelisheli sikuiacha kwa sababu ya paa. Paa huezekwa. Nilipomaliza kuswali niliinua macho nikaona picha ya chama kile kingine imebandikwa ukutani. Nikamwuliza Bi Masika asili yake. Akanambia babu yake alitoka bara, yeye na mama yake wamezaliwa hapo hapo Chake. Nikakunja mkeka wake nikatoka bila ya kuaga. Jioni yake, karibu na adhana, alikuja mwenyewe kwa Kazija na bakuli la uji wa pilipili manga na sahani ya muhogo wa nazi, kafunika kwa kawa, akasema amemletea mgeni futari. Nikasimama mlangoni nikamwambia sisi tumeshapika. Akageuka na bakuli lake limejaa vile vile, na mtaa mzima uko nje unasubiri adhana unamtazama. Kazija alilia. Nikamwambia anyamaze, mie ni mkubwa najua ninalofanya.

Na kuna jingine, ambalo limeushika mkono wangu siku tatu nisiweze kuandika. Siku ile ya kufagia aliingia jirani wa Minazi Pacha, Bi Mwatum, kuja kunisalimu na kupeleleza. Akaniuliza mkaza mwana wangu mtu wa wapi. Nikasema wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Hivyo hivyo, bila ya kumeza mate. Nikamtungia na ukoo, nikamtungia na mjomba. Bi Mwatum akafurahi, akasema ndiyo kheri, maana waliokaa nyumba hii kabla yenu, mke alikuwa na asili ya bara, na mtaa mzima ukawanyamazia: hapana kuwaamkia, hapana kuwauzia samaki, mtoto wao akiugua hapana anayeuliza, mpaka wakafunga mizigo wenyewe. Akalisema hilo anacheka, nami nikacheka naye. Kisha nikajitazama. Kanga niliyojifunga ni ile ya Idi, aliyoniletea Mwanawema. Miaka sita hajaniruka Idi hata moja. Nami hata kwenye arusi yenu sikuja, nikasema mguu. Mguu haukuwa na kitu.

Nilijaribu kutengeneza, usidhani nimekaa tu. Nilipanda Shelisheli. Nguo za mtoto mchanga zilikuwa zimeanikwa uani. Nyumba imeshapata watu. Bi Masika alikuwa mlangoni kwake anachambua mchele. Akasema karibu bibi, kwa sauti ya kumkaribisha mpita njia. Mdomo huu wangu unaoujua, unaotoa watu mbio, ukafunga. Nikamwambia napita tu.

Nikazunguka na Kazija mitaa minne mingine. Siku hizi hawakuulizi una watoto wangapi. Wanauliza kwanza chama, kisha kabila. Kwa watu wetu, wewe karibu, lakini mkeo hapana, isipokuwa niutie nguvu ule uongo wa Makunduchi, na yeye aishi nao kila siku, na watoto wake wafundishwe kuusema. Kwa watu wa kule, mkeo karibu, lakini habari ya bakuli imetangulia. Mwanamke mmoja alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, wewe si yule bibi aliyerudisha futari? Nikasema ndiye. Akasema basi nyumba imeshachukuliwa. Haikuwa imechukuliwa, mlango ulikuwa na kufuli na buibui wamejenga.

Ningesema walete watoto kwangu Mgogoni, wewe ulale kwa Kazija wiki nzima, uje Ijumaa. Lakini huku nako kisima tumekigawa tangu kura zile, wengine huchota asubuhi na wengine jioni, na mie nilikuwa katika waliogawa. Mwanawema akija na ndoo yake atachota saa ngapi? Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kikaniuma. Na wewe nawe, huwezi kumwambia Mzungu wako wa posta akuache huko huko Unguja? Najua, utasema amri ya serikali haina maombi. Basi sijui.

Ufunguo wa Minazi Pacha ninao hapa mkobani. Kuurudisha sijaurudisha, maana nikiurudisha hamna hata paa la kulalia siku ya kwanza. Kukwambieni ingieni siwezi. Kukwambieni msije siwezi pia. Umri wangu wote nimewaambia watu la kufanya, na leo nimekaa na kalamu sina la kukwambia.

Nakuomba moja tu. Barua hii usiisome peke yako ukaikunja. Msomee mkeo yote, na hapo pa Makunduchi usiparuke kunihurumia. Msomee polepole. Watoto ni wake, na aliyekanwa ni yeye. Akisema hataki kutia mguu Pemba, usimgombeze. Akisema atakuja na atakaa Minazi Pacha kwa jina lake na asili yake, nitahamia nami, nitakaa mlangoni pale pale mbele ya mabenchi yao, wanipite mie kwanza. Akisema nikamwombe radhi Bi Masika mbele ya mtaa, nitakwenda, ingawa najua radhi haitupi nyumba. Na akinyamaza asiseme kitu, niandikie hivyo hivyo kuwa amenyamaza.

Kazija anakusalimuni sana. Mbusu Mmanga na mchanga. Raya mwambie nimeipata ile karatasi aliyoichora, na swali alilokutuma uniulize, kama Chake Chake kuna watoto wa kucheza naye. Mwambie bibi yake bado anauliza.

Ni mimi mama'ako, mwenye makosa,
Mize binti Jecha