Waliambiwa Wapumzishe, Wakafagia

Bomani kwa Mama Akello,
Karibu na soko la Pap Onditi,
Nyakach,
Kaunti ya Kisumu.

24 Agosti 2025

Mpendwa wifi yangu Lornah,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingi kama mahindi yaliyo ghalani mwangu, na mwaka huu salamu hizo si haba, kama utakavyoona. Hali yako huko Kanada? Mumeo Calvince mguu umepona pale alipoteleza kwenye barafu? Na mtoto Wendy, bado anasukuma sahani ya ugali pembeni? Mwambie akija huku hatapewa kitu kingine, ataula tu.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako goti la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake haujawahi kupata ugonjwa wowote. Binti yangu Winny yuko kidato cha pili, ameshanipita kwa urefu, na sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi na simu ninayo. Ujumbe wa simu ungeufuta. Hii atakuletea Tom wa kanisani anayesafiri mwezi ujao, na nimemwambia akukabidhi mkononi na asubiri mpaka uisome yote.

Unakumbuka kikao cha Desemba. Wewe ulikuwa kwenye simu, tumekuweka juu ya kikombe kilichofunikwa katikati ya meza, spika imewashwa ili kila mtu akusikie. Shemeji Walter akasema shamba la marehemu Bildad wangu limechoka, halitoi kitu, na lile korongo la chini linazidi kupanda kila mvua ikinyesha. Kutoka ukingo wake mpaka kaburi la Bildad zilikuwa zimebaki hatua arobaini na moja. Nazijua kwa sababu nilikuwa nazihesabu kila msimu, na mwaka uliotangulia zilikuwa arobaini na nane. Walter akasema heri ipandwe mikaratusi kote, na mimi nirudi mjini Migosi nilikozaliwa, nikauze dukani na watu wangu. Mama akaomba nipewe msimu mmoja tu. Ndipo wewe ukasema kutoka juu ya kikombe chako, "Wamaitha, si urudi tu mjini upumzike? Kilimo si kazi yako."

Maneno ya Walter nimeyazoea. Yako yaliniuma, wifi. Ningeondoka vipi nikamwacha mume wangu hapo, korongo likimjia?

Basi, Januari akaja mtu anaitwa Mburu. Ni kijana mwenye vipindi vyake mtandaoni kuhusu kilimo cha kurudisha uhai wa udongo, na wanaomfuata huko ni wengi kuliko watu wote wa lokesheni yetu. Alikuja na fulana za kijani, kipaza sauti, na mpiga picha. Unajua tulivyo na hawa watu. Wa kwanza walituletea minyoo kwenye ndoo, wa pili wakatuletea miche ya miti ambayo mbuzi walishukuru sana. Wote walipiga picha wakaenda. Hapa wana jina lao, wanaitwa wakulima wa simu. Nikwambie ukweli, mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka Mburu, ingawa wazazi wake wametoka Murang'a kama wangu. Buti zake zilikuwa nyeupe pe, na kucha zake zilikuwa safi kuliko zangu za Jumapili.

Akaanza kutuambia tuache kulima. Eti tusipindue udongo, mabua tuyaache yalale shambani yawe matandazo, tutoboe mashimo kwa panga na kuchanganya mahindi na kunde. Haya aliyasema mbele ya watu ambao kwao mwanamume asipoonekana na jembe mwezi wa pili, wajukuu wake wataitwa wavivu. Jirani yangu Seline akanyoosha mkono. "Sasa mtu akiacha kulima, ataitwa mkulima aje?" Watu walicheka mpaka turubai ikatikisika, na mimi nikiwemo.

Kijana alipoona anawapoteza, akaweka Kiswahili chini akachukua Dholuo, ile ya kuokota dukani kwa mama yake hapo Kisumu. Alitaka kuwaambia waache mashamba yapumzike. Akapaza sauti, "Yweuru puothe!"

Lornah, wewe ni mwenye lugha, najua umeshashika kiuno. Neno la kupumzika na neno la kufagia ni mapacha, na kwa sikio la mgeni kama mimi ni mtu mmoja kabisa. Angesema udongo uachwe upumzike, hakuna ambaye angekosea. Lakini vile alivyosema yeye, wote walisikia "Fagieni mashamba!" Na kwa mara ya kwanza siku hiyo wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Hatimaye mtu wa simu amesema neno la maana! Shamba safi nani halipendi? Walimpigia makofi mengi sana.

Mimi peke yangu ndiye niliyeangua kicheko, na wewe unajua sababu. Wiki yangu ya kwanza kama mke katika boma hili, Mama aliniona nimechoka kwa kuchota maji akaniambia, "Ywe." Nikachukua ufagio. Nikafagia uwanja. Akarudia kwa sauti zaidi, "Ywe!" nami nikafagia jikoni, nikafagia nyuma ya ghala, nikaenda nikifagia mpaka langoni kwa jirani. Aliyekuwa ameketi mlangoni akicheka hadi akaanguka ni nani kama si wewe? Miaka kumi na tisa mmenitania kwa ufagio huo. Basi mimi nilishajikwaa hapo, kisiki nakijua.

Nilimwendea Walter nikamwambia kijana hakumaanisha kufagia, amemaanisha kupumzisha. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Wewe nyar Okuyu, leo ndio unatufunza Dholuo?" Eti binti wa Wakikuyu hawezi kuisikia lugha yenu. Nikamkimbilia Mburu kwenye gari lake nikamwambia wamekuelewa vibaya. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Wamenielewa kabisa, mama. Si umeona vile wamepiga makofi?" Akapandisha kioo.

Nikasema haya. Kila mtu na sikio lake; mimi niliyesikia kupumzika nikayaacha mabua yangu yalale, msimu huo mmoja niliopewa.

Februari nzima huku kulifagiwa. Watu walifagia mashamba kama wanaotarajia askofu. Mabua yalikusanywa yakachomwa, moshi ukawa mpaka barabarani, na udongo ukabaki uchi unang'aa. Shamba langu katikati yao lilionekana kama kitanda cha mlevi. Seline, ambaye ananipenda, alikuja kunishauri. "Mama Winny, hiyo shamba yako imekaa chafu, bana. Nyoka itazaa hapo."

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Mburu hakutuambia habari ya magugu ya mwezi wa kwanza, ambayo usipolima yanakucheka usoni. Hakutuambia habari ya mbuzi. Unajua desturi yetu, ukishavuna mbuzi wa kila mtu wanaingia kula mabua, na mbuzi wa Walter hawajui kwamba mimi nafanya kilimo kipya. Niliziba kwa miiba, wakaruka. Nilikula chakula cha mchana nikiwa nimesimama, kijiko mkono mmoja na fimbo mkono mwingine. Nilipanda nyasi za nepia mistari mitatu kukata mteremko juu ya korongo, mgongo ukagoma. Siku moja niliketi katikati ya mabua yangu nikalia, nikajiambia Lornah alisema kweli, hii si kazi yangu. Kisha nikaona mbuzi mwingine anaingia, nikaamka kwa hasira.

Aprili ikaja mvua, siku tatu mfululizo. Mashamba yaliyofagiwa hayakuwa na kitu cha kuyashika maji. Udongo uliondoka na mbegu na mbolea, vyote vikapita mbele ya macho yetu vikaenda ziwani bila kulipa nauli. Walter alipanda upya mara mbili. Kwangu maji yaliingia kwenye mabua yakapotelea humo, yakanywewa polepole.

Mvua ilipokatika nilienda kaburini kwa Bildad, nikageuka, nikaanza kuhesabu hatua kuelekea korongoni. Arobaini na moja. Nikarudi nikahesabu tena, safari hii nikiwa na Winny ili nisije nikajidanganya kwa kupiga hatua fupi. Arobaini na moja! Korongo halikuwa limesogea hata kidole. Nilipiga vigelegele peke yangu shambani, wifi, mpaka Seline akaja mbio akidhani ni nyoka wake.

Juni jua likawaka bila huruma. Mahindi ya majirani yakajikunja majani. Yangu yalisimama kijani mpaka jani la chini kabisa, na ukiinua matandazo unakuta unyevu na minyoo, na hakuna aliyeniletea kwa ndoo. Mwaka jana nilivuna magunia matatu, na la tatu nalihesabu kwa kulinda heshima tu, halikujaa. Mwaka huu ni kumi na moja, kunde sijazihesabu. Soma hapo tena. Kumi na moja!

Mburu alirudi Julai kupiga picha za mafanikio yake. Seline alimkaribisha vizuri. "Si ni wewe ulituambia tufagie? Ona sasa, tumefagia mpaka mbegu!" Kijana akageuka rangi. Nilipomweleza alichosema siku ile, akafunika uso kwa mikono, akaketi chini udongoni na suruali yake nyeupe, na sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani vyote. Walter ndiye aliyemwinua. Akasema, na hili nampa heshima yake, "Neno ni yetu, kijana. Sisi ndio tulikosa kuuliza."

Alitaka kunipiga picha. Nikakataa. Nikamwambia avue buti kwanza apalilie mistari miwili ya viazi vyangu, halafu tutazungumza. Alipalilia. Mstari wa pili malengelenge yakampasuka, lakini hakuacha, na tangu siku hiyo namheshimu. Bado anaitwa mkulima wa simu, ila sasa anaitwa hivyo akiwa amewekewa kikombe cha chai. Na watu hawamwamini sana bado, nisikufiche. Wakitaka kujua jambo wanakuja kuchungulia kwenye ua wangu, wanainua matandazo wenyewe kwa vidole. Walter hajataja mikaratusi tena. Hakuniomba msamaha kwa mdomo, unamjua kaka yako. Alileta mikokoteni miwili ya samadi ya mbuzi wake akaimwaga kwenye mpaka wangu, akasimama hapo akitazama juu, akaniuliza yale mashimo ya panga yanapishana kwa futi ngapi. Nikamwonyesha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya ninunue karatasi hii. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi uwanjani, wanawake wote wa boma, na Walter akifunga magunia. Nilikuwa nimeanza alfajiri na mikono imevimba. Mama akatoka kwake na fimbo, polepole kwa ajili ya goti, akaja akasimama mbele yangu. Akaniita kwa jina lile la kutaniwa, nyar Okuyu, lakini hakuwa anatania. Akasema, "Ywe."

Watu wote wakaacha kupukuchua. Mkono wangu, Lornah, ulishaanza kwenda kwenye ufagio wenyewe, kwa mazoea. Kisha nikauacha. Nikaketi juu ya gunia la saba, nikanyoosha miguu mbele ya kila mtu. Mama akauokota ufagio yeye mwenyewe, na goti lake lile, akaanza kufagia maganda kuzunguka miguu yangu. Nilitaka kuinuka nimzuie. Walter akaniwekea mkono begani. "Kaa, mama. Hii ni nyumba yako." Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na Mama akanikemea nisimlowanishie mahindi.

Nina ombi moja kwako. Jumapili ya kwanza baada ya kupata barua hii, piga simu. Tutakaa meza ileile, tutakuweka juu ya kikombe kilekile, spika imewashwa. Yale uliyosema Desemba, uyageuze kwa sauti hiyohiyo. Sitaki zawadi wala chokoleti. Nataka sauti yako tu, na Bildad naye aisikie, kwa sababu dirisha litakuwa wazi na kaburi liko karibu.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko mnafagia theluji au mnaipumzisha. Walter na nyumba yake wanakusalimu, na Seline, na Winny anayetaka viatu vyake mwenyewe. Msalimie sana Calvince, mbusu Wendy kwa niaba yangu. Mungu awakinge na baridi, awarudishe kwenu mkiwa wazima, mkute udongo ungali hapa mlipouacha.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, niliyeketi,
Wamaitha