Baba Mkwe Yumo Kwenye Mbio, Jina Lake Siwezi Kuliandika

Mpendwa Shangazi Fides, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na nakuomba usinicheke ukifika kwenye habari za baiskeli, kwa sababu najua wengi watacheka.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tunduma, na nina kaduka ka kuchapa na kutoa kopi ambako tumeweka pia kompyuta za intaneti, na wateja wangu wengi ni watu wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia, siku nyingine foleni haisogei kabisa, ndiyo maana tangu mwaka juzi mchezo mmoja wa mtandaoni umetushika wote hapa dukani. Katika mchezo huo kila mtu ni meneja wa timu ya baiskeli, waendeshaji ni wa kubuni, unawasajili, unawapa mazoezi, unaamua nani apande mlima na nani awakinge wenzake upepo, halafu kompyuta ndiyo inayokimbiza mbio na wewe unafuatilia kama unavyosikiliza mpira redioni. Sisi wa Kiswahili tuna ligi yetu na ukurasa wetu, na mimi ndiye ninayeandika uchambuzi kabla ya kila mbio, njia ikoje, timu gani iko vizuri, nani wa kuchungwa, ila naandika kwa jina la Mchambuzi tu, wote wananiita kaka au ndugu na mimi sijawahi kuwasahihisha.

Sasa Shangazi, baba wa mume wangu ni mkulima wa kahawa kule Mbozi, maisha yake yote amekuwa juu ya baiskeli, kahawa ameibeba kwa baiskeli, wagonjwa amewapeleka hospitali kwa baiskeli, mpaka mwaka jana alipoanguka kwenye mteremko akavunjika nyonga, na mume wangu akamleta kwetu atibiwe, akapona lakini daktari akasema baiskeli basi. Alikaa miezi amelala ameangalia ukuta. Mume wangu kwa kumhurumia akamfundisha ule mchezo, na mzee akafufuka, siku hizi anaamka, anaoga, anavaa koti, anachukua fimbo yake na kuja dukani kukaa kwenye kompyuta ya pembeni, na kila ninachoandika kuhusu mbio anawasomea madereva kwa sauti.

Shida ni kwamba ukoo wa mume wangu ni Wandali wa kushika mila, na kwao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hampi kitu mkono kwa mkono na jina lake halitamki, hata nikimwekea chakula nakiweka kwenye stuli naondoka, wifi yangu Ruti ndiye anayesema, "Baba, karibu." Dukani mimi niko nyuma ya kabati la madaftari na yeye yuko upande wa pili, tunasikiana tu. Na timu yake mchezoni ameipa jina lake mwenyewe, lote, la kwanza na la ukoo, kwa hiyo hata hapa sitaiandika, nisamehe.

Yeye hajui kwamba Mchambuzi ni mimi. Alianza kuniandikia kwenye mchezo, "Ndugu Mchambuzi, habari za huko uliko," nami nikajibu, nikadhani ni mara moja tu, kumbe ikawa mazoea. Ananieleza mambo ya waendeshaji wake, ananieleza nyonga inavyouma asubuhi, siku moja akaandika kwamba mkwe wake anapika vizuri ila anatumia chumvi ya Ivuna, ile ya kienyeji, na mkono wake ni mzito, na yeye hawezi kumwambia wala hajamweleza mtu mwingine. Nilicheka peke yangu nyuma ya kabati, na siku hiyohiyo nikapunguza chumvi. Kesho yake akaandika, "Ndugu Mchambuzi, mboga sasa imekaa sawa, ahsante." Ndivyo alivyo, mtu wa shukrani.

Kosa langu ni hili. Nilipofika kwenye timu yake katika uchambuzi, mkono ulikataa kuandika lile jina, nikairuka. Mbio zilizofuata nikairuka tena, na tena. Watu wakaanza kuuliza, kwa sababu timu yenyewe inashinda. Wiki iliyopita Abdulrahim, mwenye malori ambaye naye ana timu, akamwambia mzee pale dukani, "Baba, huyu mchambuzi ana nini na wewe? Timu zote anazitaja, yako anapita kama haoni."

Jumamosi zinaanza Mbio za Mawe, hatua tano, na hatua mbili zinapita kwenye barabara za zamani zilizotandikwa mawe, baiskeli inaruka, pancha haziishi, wanaopanda milima vizuri wanaachwa nyuma. Mzee amejiandaa kwa mbio hizi tangu masika, ana mwendeshaji mmoja mzito anayemnoa kwa ajili ya hayo mawe. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mawe hayamtaki mtu mwepesi, kwamba yeye akishuka Mbozi na gunia la kahawa nyuma baiskeli ilikuwa inatulia, ikiwa tupu inamrusha, na nikaliandika hilo kwenye uchambuzi wangu mfupi wa mwanzo wa mbio hizi kama la kwangu, watu wakanisifu sana. Juzi ameniandikia maneno machache tu, "Nimekukosea nini?" Na jana alimwambia mume wangu kwamba mbio hizi zikimpita hivihivi ataifuta timu, hana haja tena. Shangazi, akiifuta atarudi kuangalia ukuta, namjua. Nikiandika jina lake nimemvunjia heshima, nisipoandika nimemuua moyo, na nikijitokeza nikasema mimi ndiye niliyekuwa nazungumza naye kama rika lake, sijui nitaiweka wapi sura yangu. Nifanyeje?

Mkwe wa mtu, Tunduma

SHANGAZI FIDES ANAJIBU:

Mwanangu, sikucheka. Pale penye chumvi nilitabasamu, na nitaparudia.

Kwanza nikugombeze, maana umejitakia. Kazi ya kuwaambia watu nani ana nguvu na nani hana umeichukua mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono. Mtu anayeshinda halafu humtaji, watu wanaona umemdharau, na yeye ameona hivyohivyo. Mbaya zaidi, maarifa yake ya gunia la kahawa umeyaandika kama yako ukapokea sifa, halafu yeye mwenyewe ukamwacha nje. Hebu jiweke mahali pake, mtu aliyeambiwa baiskeli basi, amebakiwa na zile za kwenye kompyuta, na huko nako anapitwa kama hayupo. Hiyo si heshima, mama, umemkosea.

Pole yangu nayo uipokee. Najua uliiruka kwa sababu ya adabu, si kwa roho mbaya, na mkono unaokataa kuandika jina la mkwe ni mkono uliolelewa. Ila mila imekukataza kutamka jina lake, haijakukataza kumsema. Jirani akikuuliza mzee amekula, unamjibuje? Si unasema Babu amekula? Basi andika "timu ya Babu", taja rangi ya jezi zake, mtaje yule mwendeshaji wake mzito aliyemwandaa kwa ajili ya mawe, na ligi nzima itajua ni nani. Hakuna Mndali atakayekulaumu.

Sasa turudi jikoni. Baba mkwe wako alimlalamikia Mchambuzi kuhusu chumvi. Hakumwambia mtu mwingine, ndivyo ulivyoniandikia. Chumvi ikapungua siku hiyohiyo. Kesho yake akamshukuru nani? Soma tena ujumbe wake. Mtu hamshukuru kaka asiyemjua aliko kwa mboga iliyopikwa Tunduma. Huyo mzee anajua, mwanangu. Amejua tangu siku ile, kama si kabla, maana amekaa upande wa pili wa kabati anasikia ukibonyeza vitufe, na baadaye anasoma yaliyobonyezwa. Amekaa kimya kwa sababu naye ana mila zake, na kwa sababu hapo ndipo mahali pekee anapoweza kuzungumza na mkwe wake bila kumwaibisha. Alipoandika "Nimekukosea nini?" hakuwa anamuuliza Mchambuzi. Alikuwa anakuuliza wewe.

Kwa hiyo hili la sura yako utaiweka wapi liache, halipo. La kushughulikia ni swali lake, ambalo bado halijajibiwa.

Fanya hivi. Uchambuzi kamili wa Mbio za Mawe uandike leo, usingoje kesho, na timu ya Babu iwe ya kwanza. Sema wazi kwamba habari ya mtu mzito na mawe uliipata kwake, si kwako. Usimsifu kupita kiasi, timu yake ikiwa na udhaifu uuseme, maana aliyebeba kahawa kwa baiskeli maisha yake yote atajua ukimdanganya. Kisha mwite wifi yako Ruti, mwende naye dukani mchana, wewe ukae unapokaa siku zote na macho chini kama ulivyofundishwa, na yeye aseme kwa niaba yako, "Baba, Mchambuzi anaomba radhi, hukumkosea kitu." Mengine mwachieni mzee. Wifi yako na awaulize wakubwa wa ukoo kama ipo njia ya baba mkwe kumruhusu mke wa mwanawe wazungumze, maana koo nyingi zinayo, lakini hilo alianze mzee mwenyewe, si wewe.

Na ufanye haraka, jibu hili nimekutumia wewe kwanza kabla halijachapwa, kwa sababu gazeti hili linafika Tunduma Alhamisi, na umeniambia mwenyewe kwamba mzee husomea watu kwa sauti. Akifika ukurasa huu, akute tayari umeshamjibu.

Chumvi iache hapohapo ilipo.