Kura Niliyopiga Nikiwa na Karai Kichwani

Kambi ya vibarua,
Nyuma ya jengo jipya la ghorofa,
Tarehe 9 Agosti.
Mwaka na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na wanao? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mabega yamechubuka na usingizi hautoshi. Tunalala chumba kimoja na mifuko ya saruji, na asubuhi tunakohoa kama kwaya inayojaribu sauti.

Najua hupokei simu zangu. Nimepiga mpaka nikaona haya. Ndiyo maana naandika, ingawa mwandiko wangu unaujua. Niliacha shule kabla haujanyooka.

Shemeji ndiye aliyenipa habari. Alipiga akaniuliza bila hata salamu, "Hivi shemeji, dada yako alikukosea nini?" Nikacheka, nikidhani ni utani wetu. Akasema, "Bomba la maji linakwenda dukani kwa Kitambi. Kura zilikuwa tatu kwa tatu, yako ikamaliza kazi." Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nikueleze ilivyokuwa upande wangu wa simu. Mlipokubali nibaki mjumbe wa kamati ya maji hata nikiwa mbali, simu iwe inawekwa kwenye kiti changu kikaoni, nilivimba kichwa. Huku wenzangu wananiita Mheshimiwa. Kila kikao nilikuwa najificha kwenye choo cha jengo ambacho bado hakijawekwa mlango, nasikia maneno nusu, nusu yanamezwa na kelele. Nikiulizwa, nasema naunga mkono. Hakuna aliyewahi kulalamika, nikaona uongozi ndio huo.

Siku ile tulikuwa tunamwaga zege. Likishaanza kumwagwa huwezi kutoka kwenye mstari, maana aliye nyuma yako anakuja na karai lake. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, karai kichwani, mashine inanguruma, nyapara ananifokea, "We mzee wa simu, sogea!" Nikasikia tu sauti ya Mwenyekiti, "Mjumbe wetu wa mbali, unasemaje?" Nikapaza sauti, "Naunga mkono, Mwenyekiti!" Wenzangu wakadakia, "Mheshimiwa kapitisha bajeti!" Wakacheka. Na mimi nilicheka, dada. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko yote.

Sikujua naunga mkono nini. Sikujua kwamba ulipita nyumba kwa nyumba kuomba bomba liwekwe zahanati, wala kwamba uliomba nafasi ya kusema kikaoni ingawa wewe si mjumbe. Shemeji anasema uliwaeleza jinsi mwanamke anavyofika pale na uchungu wake na ndoo yake ya maji, na asipokuja nayo anaambiwa nduguze wakaitafute. Anasema hata waliokuwa upande wa dukani waliinamisha vichwa. Maneno yote hayo yaliishia mfukoni mwa shati langu.

Nasikia watu wanasema damu yako mwenyewe ndiyo iliyokuangusha. Siwezi kuwapinga. Nikikumbuka kwamba ulikuwa umekaa mle ndani ukaisikia sauti yangu, natamani ardhi ipasuke.

Nilimpigia Mwenyekiti nikaomba kuirudisha kura. Akanijibu, "Kura si shati, mjumbe, uje useme halijakukaa." Nilipomng'ang'ania alikiri kwamba uamuzi wa kamati lazima upelekwe kwenye mkutano wa kijiji mwishoni mwa mwezi huu, na wanakijiji wakiukataa, basi. Mimi siwezi kuwahi. Nyapara hatoi ruhusa mpaka ghorofa ya mwisho iishe.

Kwa hiyo nakuomba usimame mkutanoni uwasomee barua hii yote. Usiruke palipoandikwa karai. Najua niliwaambia kwamba huku nasimamia watu. Simsimamii mtu. Wasikie kwamba mjumbe wao alikubali jambo asilolisikia, kisha waamue wenyewe. Na Kitambi anisamehe jina hilo likisomwa mbele yake, maana hakuna anayelijua jingine.

Kiti changu nakiacha. Nilianza kuandika apewe nani, nikafuta. Mimi si mtu wa kugawa viti tena. Wamchague anayeweza kukikalia yeye mwenyewe.

Nisalimie Mama, shemeji na wapwa zangu wote, hasa yule mdogo niliyemwacha akitambaa. Mkunga wa zahanati naye mwambie namwomba radhi, kama utaona inafaa. Mungu akupe pumzi ya kuyasema upya yale uliyoyasema, safari hii kijiji kizima kikusikie.

Nategemea kufika wiki ya kwanza ya Novemba, mitaro itakapoanza kuchimbwa. Popote kijiji kitakapoamua, nitachimba pamoja na wengine, hata ikiwa ni kule dukani, ingawa nitachimba nikiwa nimeinamisha uso. Nikishuka kwenye gari sitapita kwa Mwenyekiti kusalimia. Nitakuja kwako kwanza, na usiponifungulia nitakaa mlangoni mpaka utoke.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa haya na heshima,
Kitindamimba.