Pajero au Kibanda Changu

Kibera, Jumanne usiku, Machi 1996

Leo nimejinunulia Pajero. Uongo mtupu. Nimekalia tu kiti cha mbele, nikafunga mlango polepole kama waziri.

Anayenunua ni Ramadhani, mwenye ploti yetu. Madalali wamemletea magari mawili ayajaribu, Pajero na Landkruza, na yeye anataka gari lake lilale uani, nyuma ya nyumba. Njia ya kuingia ni moja tu, na kibanda changu cha kushona viatu kiko pale pale ukingoni.

Pajero ilipita, ikabakiza upana wa kiganja. Landkruza ikakwama kwenye benchi langu.

"Mzee Otieno, ungekuwa mimi ungechukua gani?" Ramadhani akaniuliza.

"Pajero! Ile nyingine itakufanya uonekane mfupi."

Akacheka. "Wewe unapigia debe gari ama kibanda?"

"Kibanda, boss. Gari utapata popote."

Akasema ataamua kesho, lakini macho yake hayakutoka kwa Landkruza. Na simlaumu. Ningekuwa na hela, ningechukua hiyo hiyo, na kibanda ningekibomoa mwenyewe.

Lakini sina. Kwa umri huu nikianza upya kule Kawangware, nani ananijua aniletee hata ndara?

Mke wa Ramadhani, Mama Zainabu, nilimshonea viatu vya sikukuu ya Idi bure, akasema nikiwa na shida nimwambie. Basi Mama Zainabu, shida ndiyo hii. Kesho ukimmiminia mzee wako chai, msifie Pajero. Mara moja tu inatosha.