Swali la Paskalina kuhusu China

Jumamosi, 12 Julai. Ukungu haujaondoka Maretadu tangu jana. Nimevaa sweta mbili na bado mifupa inalalamika.

Huu ni mwaka wa pili tangu nistaafu ualimu wa historia. Mke wangu ametangulia, watoto wako Arusha na Dodoma, na hunipigia simu Jumapili baada ya ibada, kila mmoja dakika tano. Nikisonga ugali bado nakosea kipimo, unabaki wa mtu wa pili. Nawapa kuku. Wamenenepa kuliko mimi.

Ndiyo maana Jumamosi nafundisha tuisheni bure hapa sebuleni. Nasema ni kwa ajili ya wanafunzi. Ukweli ni kwamba nataka kusikia watu ndani ya nyumba.

Leo ilikuwa zamu ya China. Nilianzia 1949, wakulima maskini wakigawiwa mashamba ya mabwana wao. Nikaja 1958, mashamba yale yale yakakusanywa, watu wakala kwenye majiko ya pamoja, kisha njaa ikaua mamilioni. Nikafika 1966, Walinzi Wekundu, vijana wa shule waliowasimamisha walimu wao mbele ya umati na kuwazomea. Wengine waliwashtaki hata wazazi wao. Nilikuwa naelekea 1978, familia zilipoanza kurudishiwa mashamba ya kulima zenyewe, Paskalina wa kidato cha sita akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao walioshtaki wazazi, baadaye walikuwa wanawaamkia vipi?"

Wenzake wakacheka. Nikasema hilo haliko kwenye mtihani, nikawaruhusu mapema.

Jibu ninalo.

Unasema shikamoo, anasema marahaba, basi.

Nilikuwa na miaka kumi watu walipoamriwa kuhamia vijiji vya ujamaa. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, akawa kwenye metimani. Kwetu Wairaqw, nyumba ya namna hiyo ilijitenga kwa miezi. Hakuna aliyeingia, na wenyewe hawakunywa maji kwa mtu wala kuchunga na wenzao, mpaka wazee waje kuimaliza. Mgambo waliokuwa wakihamisha watu walikuwa watoto wa huku huku, kwa hiyo nyumba ya shangazi waliipita kwa mbali.

Lakini wazee walikuwa wameshakuja. Metimani ilikwisha, shangazi akanyamaza tu, maana hakutaka kuliacha kaburi la mwanawe. Mimi shuleni nilikuwa kiongozi wa nyimbo za kujenga taifa, kifua mbele. Nikamfuata mgambo mmoja nikamwambia, "Metimani yake imekwisha, anadanganya."

Waliezua paa siku hiyo hiyo, na mvua ikanyesha. Nilimwona shangazi amesimama katikati ya nyumba yake, analowa.

Walimhamisha. Baadaye sera ilibadilika, akarudi Nambis na kujenga pale pale penye kaburi la mwanawe. Nilijiambia mambo yamejirekebisha, kama kwa wale wakulima wa China. Nilijiambia pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu hakosi maneno ya kujificha nyuma yake. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipita kwake, naamkia nikiwa nimesimama, naondoka. Akinikaribisha maji nasema nina haraka.

Leo nilichukua bodaboda mpaka Nambis. Nilimkuta uani anachambua maharage, peke yake, kitenge begani. Shikamoo shangazi. Marahaba. Nikaketi chini, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikamwambia yote. Nililia, mzee mzima mwenye mvi. Niliogopa atasema ondoka, na yeye ndiye mkubwa pekee niliyebaki naye duniani.

Hakuacha kuchambua.

"Najua," alisema. "Yule mgambo aliniambia siku ile ile. Nilikukasirikia mpaka tukavuna. Halafu nikasema ni mtoto, atakuja. Ukawa unakuja, unaamkia, unaondoka, hata maji yangu hunywi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Sasa wewe, metimani yako imekwisha?"

Nilihesabu watu ambao sijanywa maji kwao miaka hii yote kwa kuogopa kuulizwa neno, nikaona upweke wangu haukuanza mke wangu alipofariki. Niliujenga mwenyewe, na mtu wa kuumaliza alikuwa hapa Nambis, mwendo wa nusu saa kwa bodaboda.

Nikamwomba maji. Akaniletea uji, akasema maji ni ya wageni.

Jumamosi ijayo nina deni la jibu kwa Paskalina, na nitamjibu mbele ya wenzake waliocheka. Kesho nikitoka kanisani naenda kupura maharage yaliyobaki. Watoto wakipiga simu, watanikuta kwa shangazi, na dakika tano hazitatosha.