Ule Ushuhuda Usiutoe Tena

Laini Saba, Kibera
Mwezi wa tatu

Mama yangu,

Habari ya huko. Agneta aliacha kukohoa? Na mguu wako, bado unavimba asubuhi? Mvua ikianza usiende shamba ya chini peke yako, kule kunateleza. Tuma wasichana.

Mimi niko. Kazi imerudi kidogo tangu wakubwa wa siasa washikane mikono. Jana nimebeba mawe kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Mwili uko sawa.

Nimeandika kwa sababu kwa simu siwezi. Simu ya huko ni ya mchungaji wenu, na ukiongea nyumba yote inasikiza. Hii barua mpe Agneta akusomee. Amefika darasa la saba, si mtoto tena. Najua itamuuma, mimi ni baba yake. Asome hivyo hivyo, asiruke.

Mama, uliniambia ulisimama kanisani ukatoa ushuhuda. Kwamba vijana walipita ploti yetu nyumba kwa nyumba, na mtoto wako alikuwa amepiga magoti anaomba, na hakuguswa hata nywele. Ukasema watu waliimba mpaka wengine wakalia. Na kwamba Pasaka nikuje nisimame mbele, mtachinja kuku ya shukrani. Nikasema ndio mama. Halafu ukaniuliza, "Na yule rafiki yako Mkamba, Mungu alimuweka?" Nikasema yuko. Nikakata simu. Baadaye nikasingizia betri.

Hiyo hadithi ni mimi nilikupatia. Hakuna uongo ndani. Lakini nusu yake nilibaki nayo.

Mutua unamjua. Alikuja mazishi ya mama Agneta, akachimba kaburi na watu wa kwetu kama amezaliwa hapo. Ulimpa jogoo arudi nayo Nairobi, akaishika kwa mapaja njia yote. Yeye ni fundi wa mawe. Mimi ni mtu wake wa mkono. Nakoroga simiti, nampandishia mawe, yeye anajenga. Miaka sita. Akipata kazi pahali hakubali wampe mtu mwingine. Anawaambia, "Huyu Mluhya wangu anakula kama watu watatu, lakini koroga yake haina madonge." Asubuhi kabla ya kupanda juu tunaweka mikono kwa ukuta wa jana, tunaomba, halafu kazi. Tunaenda kanisa moja. Tulikuwa tunaishi ploti moja, kutoka kwangu kwenda kwake ni milango mitatu.

Kanisa letu la hapa liko na sheria moja ambayo lenu halina. Mtu akiwa anaomba hakatizwi. Ukifika kwake umsikie anaomba, unasimama nje, unatoa kofia, unainamisha kichwa, unangoja aseme amina. Hapo ndio unabisha. Hata mtoto mdogo anajua. Watu wanatuchekea, wanasema sisi tutaungua na nyumba tukingojana.

Sasa ile siku. Ilikuwa mchana, saa nane hivi. Mwanzo wa hiyo mambo ya kura vijana walikuwa wanatafuta kabila moja. Halafu siasa ikageuka, ikawa hata Wakamba. Mutua alikuwa amepeleka mke na watoto Gatina, upande wa Kawangware, kwa dada yake. Akarudi kuchukua vyombo vya kazi, nyundo na ule mwiko wake wa simiti. Nilimwambia asirudi. Akaniuliza, "Bila mwiko mimi ni nani?"

Nikasikia kelele huko mwanzo wa ploti. Nikafunga mlango nikapiga magoti. Hapo nilikuwa naomba kweli, mama. Halafu nikasikia nje, "Barasa. Barasa, ndugu yangu." Ni yeye. Akasikia naomba. Akanyamaza.

Mabati ya mlango wangu iko na tundu ya msumari. Nilimwona. Alikuwa na mfuko wa vyombo kwa bega. Akatoa kofia. Akainamisha kichwa.

Amina ni neno moja. Nilikuwa nimemaliza. Sikuwa na kitu ingine ya kuambia Mungu. Lakini nilijua nikisema tu, atabisha, na mimi nitafungua, na watamkuta kwangu. Basi sikusema. Nikaanza tena mwanzo. Nikaombea wewe. Nikaombea wasichana. Nikaombea ng'ombe na mvua na watoto wa shule. Sauti juu. Nilijua atangoja.

Akangoja. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka wakamfikia. Hakuwaona.

Sitaandika yote, Agneta anasoma. Walimpiga na rungu. Mkono wa kulia walivunja pahali mbili. Walikuwa wamuue, lakini mama mwenye ploti, yule Mnubi mzee, alitoka na leso tu akasimama katikati. Akawaambia, "Huyu ni mpangaji wangu. Anzeni na mimi." Wakamtukana, wakaenda na ule mfuko. Huyo mama haendi kanisa letu wala kanisa lolote. Yeye alifungua mlango.

Na mimi, mama, nilikuwa bado naomba. Ningenyamaza saa hiyo wangejua nilikuwa nasikia.

Kwangu walipita. Mmoja alisema, "Huyu ni wetu, wachana naye, anaongea na Mungu." Wakacheka. Huo ndio ushuhuda wako.

Mutua alipelekwa Gatina kwa mke wake. Wiki sita sikuenda huko. Nilikuwa nasema barabara ni mbaya. Barabara ilikuwa imefunguka kitambo. Halafu ukaniuliza hiyo swali yako kwa simu. Jumapili iliyofuata nikaenda na miguu.

Wanaishi chumba moja nyuma ya maduka, watu tisa. Mutua alikuwa amekaa kwa mtungi, mkono umefungwa na plasta mpaka juu. Amekonda. Aliponiona akasimama. Nilitaka asisimame.

Akamwambia mke wake, "Mama Ndinda, huyu ndiye nilikuwa nakwambia. Sikiza. Nikipigwa, huyu alikuwa ndani ananiombea. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Kama si hayo maombi mimi singekuwa hapa."

Mke wake ananijua. Hakuonekana mtu amefurahi. Akasema, "Maombi marefu hivyo. Mungu alikuwa amelala?"

Mutua akacheka. "Mluhya akianza kuomba ni kama akianza ugali."

Wakanipa chai. Nikaishika. Ningekunywa hiyo chai ningebaki na hiyo maneno mpaka nife. Nikaiweka chini nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyokuandikia wewe. Kwamba nilimwona, kwamba aliponiita nilisikia, kwamba nilikuwa nimemaliza.

Mama Ndinda alikuwa anachagua maharagwe, akaendelea kuchagua.

Halafu Mutua akaniuliza, "Ulikuwa unaniombea?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nilipitia watu wote. Wewe sikukutaja. Niliogopa nikikutaja nitafungua."

Akaangalia mkono wake. "Ungefungua wangekupiga?"

"Pengine."

"Usiniambie pengine."

Nikasema, "Hapana. Walikuwa wananijua. Ningekuficha chini ya kitanda wangepita."

Akasema, "Enda nyumbani, Barasa."

Nikasimama. Mama Ndinda akasema, "Haendi. Mitungi haina maji, na wewe mkono hauna. Aende achote kwanza, ndio aende." Akanipa mitungi miwili bila kuniangalia.

Tangu siku hiyo nikitoka mjengo napitia huko nachota maji. Ni mbali kwa miguu, ni sawa. Mutua haongei na mimi. Anainua miguu nikipitisha mtungi, hivyo tu. Daktari wa kliniki alisema mkono utashika kijiko. Mwiko hajui.

Unaniambiaga nikishindwa niombe. Nimejaribu. Nikipiga magoti nasikia ile sauti yangu ya siku ile, naamka. Mdomo umekataa. Basi sasa sina maombi yangu. Wiki iliyopita nilikuwa namimina maji kwa pipa, wao wakaanza kuomba kabla ya kula. Wanaomba Kikamba. Sisikii Kikamba. Lakini katikati nilisikia Barasa. Ni Mama Ndinda alisema. Sikuuliza alikuwa anamwambia Mungu nini. Pengine ananishtaki. Ninakwambia, mama, nilirudi Kibera nikitembea na hilo jina langu, na usiku huo nililala mpaka asubuhi, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Hata kama ni kushtakiwa, kuna mtu amenitaja huko. Hiyo ndio nguvu niko nayo kwa sasa. Ni ya kuazima.

Sasa ombi langu. Ule ushuhuda usiutoe tena. Watu wakikuuliza, usitafute maneno ya kunifunika, unajua unanifunikaga tangu nikiwa mdogo. Waambie mtoto alisema atakuja aseme mwenyewe. Na wewe, ukiomba jioni, acha jina langu kando kidogo. Weka la Mutua. Wewe mdomo wako haujakataa. Omba hiyo mkono ya kulia ishike mwiko. Taja mwiko, usiseme tu apone.

Agneta, wewe unasoma hapa, usimfiche nyanya kitu. Na usimwambie mdogo wako bado. Nitamwambia mimi.

Nisalimie dada yangu wa Webuye akipita. Nisalimie shemeji, mwambie jembe lake nililoazima liko nyuma ya jiko. Nisalimie yule mzee wa kanisa anayepiga ngoma, na mama jirani anayekuletea maziwa. Mchungaji mwambie nimeshukuru kwa simu yake, mengine nitamwambia uso kwa uso.

Pasaka nitakuja. Nitasimama pale mbele mnapotaka nisimame, nitasema kama nilivyosema Gatina. Kuku msichinje kabla. Nikimaliza kusema, kama bado mtataka kula na mimi, tutaona.

Ni mimi mtoto wako,
Barasa